Mtumishi Ugenini: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Kuhudumu Turkana

Watu wa Turkana wakipanda gari kwenda Kitale au Nairobi, husema wanakwenda Kenya. Nililisikia neno hilo siku yangu ya pili Lodwar, makao makuu ya kaunti ya Turkana, kwa mama muuza chai, nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Mimi niliyezaliwa Mwea, kwenye majaruba ya mpunga ambako maji ya mfereji hupita karibu na mlango, nilikuwa nimetoka Kenya na kuingia kwingine, japo kitambulisho mfukoni kilikuwa kile kile.

Nimehudumu huko kaskazini miaka saba. Mwongozo huu nawaandikia ndugu na dada wanaotumwa na makanisa yao kutoka Mlima Kenya, Ukambani, Kisii, Magharibi au Pwani kwenda kwa wafugaji wa Turkana, ingawa mengi yatamfaa pia anayekwenda Marsabit, au Karamoja upande wa Uganda. Watumishi wengi niliowaona wakirudi kwao kabla ya wakati hawakushindwa na mahubiri. Walishindwa na maji, na upweke, na pesa, na kutojua kupokea. Hilo la mwisho nitalirudia mara nyingi, kwa sababu ndilo lililonichelewesha mimi mwenyewe zaidi ya yote.

Kabla hujafunga mzigo

Anza na kanisa linalokutuma. Keti na wazee au kamati ya umisheni, muandike kwenye karatasi: posho ni kiasi gani, inatumwa tarehe ngapi na kwa njia gani, nani analipa nauli ya likizo, ukizidiwa na ugonjwa usiku nani anapigiwa simu na nani anagharamia gari au ndege ya kukutoa, utakaa muda gani kabla ya kurudi kupumzika. Karatasi hiyo isainiwe, nakala moja ibaki kanisani, moja uende nayo.

Wengi tunaona haya kuuliza mambo haya, tukidhani ni upungufu wa imani. Mimi niliona haya. Mwezi wa nne posho ikakatika: uongozi ulikuwa umebadilika, na waliokuja hawakukuta maandishi yoyote kunihusu. Wiki sita nilikula kwa deni dukani. Mtume Paulo hakuona haya kuwaandikia Wafilipi juu ya kutoa na kupokea, wala kuwakumbusha kwamba walimtumia mahitaji zaidi ya mara moja alipokuwa Thesalonike. Kama yeye aliandika, wewe nani usiandike.

Kisha hakikisha kuna anayekungoja upande wa pili. Uende na barua kwa kanisa lililopo, hata kama ni wazee watatu chini ya mti. Asiyealikwa na mtu hana wa kumtetea siku atakapokosea, na utakosea.

Upande wa mwili: ng'oa au ziba meno mabovu, pima macho, pima presha, jua kundi lako la damu. Jiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, na uhakikishe michango imelipwa kabla ya kuondoka. Kama unatumia dawa za kila siku, beba za miezi mitatu na karatasi ya daktari.

Mwisho wa maandalizi ni mgumu kuliko yote. Nenda kwa wazazi wako uombe baraka zao, na wakati mmeketi, sema waziwazi jambo ambalo hakuna anayetaka kulisema: kwamba kunaweza kutokea msiba na wewe usifike kwa wakati. Mimi baba alinyamaza kitambo, akaninyoshea kikombe cha chai, akasema, "Ukisikia nimelala, usipande gari usiku." Miaka mitatu baadaye maneno hayo ndiyo yaliyonishika mkono.

Unabeba nini

Kidogo kuliko unavyofikiri. Chandarua kilichotiwa dawa, taa ya sola yenye mahali pa kuchaji simu, mitungi miwili ya lita 20 yenye vifuniko vinavyobana, chupa safi za plastiki, kisu, sufuria mbili, kofia pana, shuka nyepesi. Suti moja inatosha, tena utaivaa kwenye harusi na mazishi tu. Viatu ndivyo vya kufikiria: miiba ya mgunga hupenya soli laini kama sindano inavyopenya kitambaa. Nunua akala za tairi; ndizo wenyeji wanazovaa, na wana sababu.

Beba Biblia ya lugha ya mama yako, hata kama hujaisoma tangu utotoni. Utaihitaji usiku. Na picha ya jamaa zako iliyochapishwa, si ya kwenye simu. Watu watakuuliza wewe ni wa nani, na picha hujibu kabla hujajua maneno. Mtu asiye na jamaa wanaojulikana ni mtu wa kutiliwa shaka.

Usibebe nguo kuukuu za kugawa. Nitaeleza.

Njia

Kutoka Kitale hadi Lodwar ni takriban kilomita 300: unapita Kapenguria, unashuka Marich, unaingia Kainuk, kisha Lokichar. Safiri mchana. Kipande cha kati ya Marich na Kainuk kimekuwa na mashambulizi kwa miaka mingi kwa sababu ya wizi wa mifugo kati ya Wapokot na Waturkana, kwa hiyo waulize madereva wa siku hiyo, wala si mtu aliyepita mwaka jana, na polisi wakisema ngoja, ngoja.

Ukishafika, jambo moja kuhusu laga, yale mabonde makavu ya mchanga utakayoyaona kila mahali. Usilale ndani yake, usiegeshe gari ndani yake, hata kama mbingu ni nyeupe bila wingu. Mvua hunyesha milimani mbali, na maji hukufikia bila mvua yenyewe. Kwanza unasikia mngurumo, kisha upepo wa baridi, na baada ya hapo huna muda.

Siku 90 za kwanza: usihubiri

Najua jinsi inavyouma. Kanisa nyumbani linangoja picha za ubatizo, na wewe una moto moyoni. Lakini Waturkana wana neno *emoit*, na wingi wake *ngimoe*: ni mgeni wa kabila jingine, na ni adui. Neno ni hilo hilo. Unapofika, hapo ndipo unapoanzia, na hakuna mahubiri yatakayokutoa hapo. Kinachokutoa ni kuketi, kunywa, kula, kusalimu, kuuliza, kukosea ukachekwa, kuja tena kesho.

Tafuta mwalimu wa lugha mara moja, umlipe kwa haki. Mimi nilikuwa na wawili: kijana aliyemaliza kidato cha nne, kwa sarufi, na watoto wachunga mbuzi, kwa masikio. Kila asubuhi maneno matano, ninayarekodi kwenye simu kwa sauti yao, nayasikiliza jioni nikipika. Anza na salamu. *Ejoka?* Jibu ni *ejok*. Shukrani ni *alakara*. Maji ni *ngakipi*. Mungu ni *Akuj*, na jina hilo walikuwa nalo kabla yetu sote, kwa hiyo usiseme umemleta Mungu Turkana. Alitangulia.

Salamu haziishi kwa neno moja. Unauliza habari za watu, za watoto, za mifugo, za mvua. Mtumishi anayesalimu huku akitembea ameshasema kwamba hana haja na mtu. Mara nyingi sana nimeona mkutano mzima ukiharibika kwa sababu mgeni alitazama saa.

Mkalimani utamhitaji, lakini usimfanye fimbo ya kutembelea. Mwaka wa kwanza nilikuwa na mkalimani hodari, hotuba zikienda kama maji, na baada ya miezi kumi sikuweza kumfariji mama aliyefiwa na mtoto kwa sababu mkalimani alikuwa amesafiri. Niliketi naye nimenyamaza. Yeye ndiye aliyenipa maji.

Na hapo kuna somo la kupokea. Ukipewa maziwa kwenye kibuyu, pokea kwa mikono miwili unywe. Yatakuwa na harufu ya moshi, kwa sababu kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto, na utazoea hadi ya pakiti yakuchoshe. Ukikaribishwa kwa wazee wanapochoma nyama, usijipangie pa kukaa wala usikatize katikati ya duara lao. Kaa unapoelekezwa, kula unachokatiwa. Nchi hiyo ina njaa ya mara kwa mara, na mtu anayekukatia nyama anakupa kitu ambacho watoto wake wangekula kesho. Kusema "asante, nimeshiba" kwa kudhani unamhurumia ni kumwambia kwamba hana cha kukupa.

Kwa wengi wetu jina huja kwa njia hiyo hiyo. Siku niliyofika kijijini kulinyesha, baada ya miezi mingi ya ukavu, na bibi mmoja akaniita Lokiru, wa mvua. Sikuwa nimefanya lolote kustahili. Nililipokea tu.

Mwili: maji, jua na homa

Panga siku yako kwa jua. Joto la mchana Lodwar hufika nyuzi 35 na kuzidi, karibu mwaka mzima. Amka saa kumi na moja alfajiri. Kazi ya mikono, matembezi na ziara zote ziishe kabla ya saa tano. Kuanzia saa sita hadi saa tisa kaa kivulini, soma, lala. Huo si uvivu. Watu wa huko wameishi na jua hilo vizazi vingi, nao wako chini ya mti saa hizo. Jioni hadi usiku ndio wakati wa mazungumzo.

Kunywa maji kabla ya kiu. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, umechelewa. Maji ya kufukua kwenye mchanga wa laga huonekana masafi, lakini ng'ombe, punda na watu wote hutumia laga hiyo. Yachemshe, au tia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kuni zikiwa haba, tumia jua: jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, inayopitisha mwanga, isizidi lita mbili, ilaze juani saa sita, siku za mawingu iache siku mbili. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa. Ya ziwani yana magadi na floridi nyingi. Usiyafanye maji yako ya kunywa.

Homa yoyote, kipimo cha malaria ndani ya saa 24. Usimeze dawa kwa kubahatisha. Malaria hupanda baada ya mvua, wakati ambapo kila mtu amefurahi na chandarua kimesahaulika. Ukiwa na homa ya wiki kadhaa, tumbo upande wa kushoto likavimba na mwili ukakonda, mwambie daktari apime kalazaa; ipo Turkana. Nawa mikono baada ya kugusa mbwa: sehemu hizo zimejulikana kwa muda mrefu kwa uvimbe wa haidatidi unaotokana na minyoo ya mbwa.

Kung'uta viatu kila asubuhi, nge hupenda giza lake. Usiku usitoke bila tochi. Mtu akiumwa na nyoka, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Mlaze, mtulize, kiungo kisisogezwe, mpeleke hospitali.

Kuhusu kufunga: funga chakula ukipenda, lakini maji unywe. Nimemwona ndugu mpendwa akianguka siku ya pili ya kufunga mkavu, na wanawake waliokuja kuomba naye ndio waliombeba kumpeleka kivulini.

Kuomba na kuombwa

Hapa ndipo watumishi wengi huvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Utaombwa. Asubuhi, mchana, njiani, ukiwa umelala. Tumbaku, sukari, nauli, karo, viatu ulivyovaa. Mwanzoni nilihesabu kama usumbufu. Baadaye nikaona kwamba wao kwa wao huombana vile vile, na kuombwa na mtu ni alama kwamba amekuhesabu katika watu wake. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo yote mawili: tunamwomba Mungu, na tunamwomba jirani chumvi. Usikasirike. Jibu kwa uso mwema, toa unachoweza, kataa usichoweza bila kudanganya. Na wewe omba pia! Omba kiti, omba maji, omba mtu akuonyeshe njia. Mtu asiyeomba kamwe anajiweka juu ya wengine.

Sasa kosa langu. Mwaka wa pili kulikuwa na ukame mkali. Nilichukua posho yangu nikanunua magunia mawili ya mahindi, nikayagawa baada ya ibada chini ya mgunga, ule wenyewe wanaouita *ewoi*. Jumapili iliyofuata mti haukutosha; watu walijaa hadi juani, nami nikaandika ripoti nyumbani kwamba uamsho umefika. Jumapili ya tatu sikuwa na kitu. Walikuja wanawake watatu na watoto. Mzee mmoja jirani alinipitia jioni, akaketi kwenye ekicholong, kile kigoda kidogo wanachotumia pia kama mto, akatazama mbuzi wake kwa muda, akasema: "Uliita watu kwa mahindi, wakaja kwa mahindi. Sasa umewaita kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Historia ilikuwa upande wake. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa chini ya wakoloni, na milango kwa wamisionari ilifunguka hasa wakati wa njaa ya mwaka 1960 na 1961. Njaa nyingine ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kambi za chakula pamoja nayo. Kwa bibi na babu wa huko, kanisa na gunia vilifika kwenye lori moja. Nami nilikuwa nimeongeza lori langu.

Kwa hiyo fanya hivi. Msaada wa njaa usiutoe mwenyewe wala siku ya ibada wala mahali pa ibada. Upitie kwa wazee wa kijiji na chifu, au kwa mashirika na makanisa yenye utaratibu wa kugawa, na uwafikie wote, wanaosali na wasiosali. Karo ilipe moja kwa moja shuleni, na iamuliwe na kamati, si wewe. Kutoka kwenye sufuria yako mwenyewe toa uwezavyo, kama jirani yeyote. Kula pamoja na mtu hakujawahi kuharibu kazi ya Mungu. Na ndiyo sababu nilisema usibebe nguo kuukuu.

Pesa za kanisa ziwe na laini yake ya simu, tofauti na yako, na daftari lake. Kila kiingiacho na kitokacho kiandikwe tarehe, kiasi, sababu, na mzee mmoja wa hapo atie saini au kidole. Soma hesabu hiyo mbele ya waumini kila mwezi, kwa sauti. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mama mmoja alisimama akauliza kwa nini nauli ya Lodwar imeandikwa mara mbili. Ilikuwa kweli, nilikosea. Tangu siku hiyo sadaka zilianza kuja: mbuzi, ngozi, vikapu vya mkoma. Walikuwa wakingoja kuona kama ni pesa yao au yangu.

Neno

Lugha ikianza kukubali, zungumza kidogo, uliza sana. Simulia Injili kama kisa, maana wengi wa wasikilizaji hawasomi, na kumbukumbu zao ni kali kuliko zetu tunaotegemea daftari.

Nilisimulia kondoo aliyepotea. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali juu ya dhambi na toba. Mzee yule yule wa ekicholong akauliza, "Alikuwa na rangi gani?" Nikamwambia Biblia haisemi. Akatikisa kichwa, si kwa kupinga, kwa mawazo. Akaeleza jinsi alivyomtafuta ngamia wake siku tisa, akiuliza kila boma kwa rangi, alama ya sikio na namna alivyokanyaga. "Huyu aliyekwenda kutafuta," akasema, "alimjua rangi. Wewe ndiye usiyeijua." Watu wakaitikia. Mahubiri yalikuwa yameisha na hayakutoka kinywani mwangu. Mimi ninayefundisha nilikuwa nimesoma mstari huo maisha yangu yote bila kuona kwamba mchungaji humjua mmoja katika mia kwa sura yake.

*Emuron*, mtabiri wao, usimwite mchawi. Msalimu, msikilize, usishiriki usichoweza kushiriki, na sema sababu yako kwa heshima ukiulizwa. Makanisa mengine pia yaheshimu: Wakatoliki wako huko tangu mwanzo wa miaka ya 1960, AIC (Africa Inland Church) vile vile, na visima, shule na zahanati nyingi unazozikuta ni jasho lao. Usianzishe kanisa lako mita mia kutoka kwa ndugu aliyetangulia kwa sababu tu wafadhili wako wanataka jina lao kwenye bati.

Na ulinzi wa watu ni sehemu ya huduma. Usipige picha za makundi ya mifugo ukaziweka mtandaoni na jina la mahali. Usibebe habari za malisho kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukihudumu kwa Waturkana, waombee Wapokot kwa jina mbele ya watu. Itachukua muda kabla ya wote kusema amina.

Roho yako na jamaa yako

Upweke haugongi hodi. Kwangu ulikuja mwezi wa saba, saa kumi jioni, kila siku saa ile ile. Nilianza kulala bila kuoga, kisha kuacha kuomba, kisha kukasirikia watoto waliokuja kunisalimu. Nilidhani nimepoteza wito. Nilikuwa nimechoka tu, na nilikuwa sijasema Kikuyu na mtu yeyote wiki tisa.

Kilichonisaidia ni utaratibu mdogo usiovunjwa. Alfajiri zaburi moja, kwa sauti, kwa lugha ya mama. Wimbo mmoja wa tenzi, kwa sauti pia, hata kama niko peke yangu. Jioni kuandika mstari mmoja wa nilichopokea siku hiyo: maziwa kwa mama fulani, neno jipya kutoka kwa mtoto fulani. Siku moja kwa wiki bila kazi. Jumapili haihesabiki, kwa mhudumu hiyo ni siku ya kazi. Simu nyumbani kwa siku na saa maalumu, hata kama lazima upande kilima kutafuta mtandao. Na mtu mmoja, mwanaume kwa mwanaume au mwanamke kwa mwanamke, ambaye unamwambia kweli yote kila mwezi, pamoja na majaribu ya mwili. Usikae ndani peke yako na mtu wa jinsia nyingine aliyekuja kuombewa. Ombeeni nje, kwenye kivuli, watu wakiwaona.

Usingizi ukikukimbia wiki kadhaa, au ukianza kutamani kufa, hilo si jambo la kuombewa tu. Mwambie anayekutuma, panda gari, mwone daktari. Hakuna kijiji kitakachopotea kwa sababu ulikwenda hospitali.

Mke wangu na watoto walinifuata mwaka wa pili. Kama umeoa au umeolewa, wito usiwe wa mmoja. Wakubaliane wote wawili kabla, na suala la shule ya watoto lijibiwe kabla ya lori kupakiwa.

Baba alipofariki nilikuwa nje ya mtandao. Habari ilinifikia siku ya pili. Sikupanda gari usiku. Nilifika baada ya kaburi kufunikwa. Niliporudi Turkana wiki tatu baadaye, wazee walikuwa wamekuja kwangu kabla sijafungua mlango, wakakaa kimya hadi giza. Mmoja alileta mbuzi. Siku hiyo nilijua kwamba kwa watu hawa mimi si *emoit* tena.

Hufikirii mara nyingi juu ya waliotangulia hadi unapofiwa mbali. Mimi humfikiria Apolo Kivebulaya, Mganda aliyevuka kwenda Boga, upande wa Kongo, mwaka 1896. Alisingiziwa kifo cha dada ya chifu, akafungwa, akaachiliwa, akarudi kwa watu wale wale, na chifu huyo mwishowe akabatizwa. Alipofariki mwaka 1933 aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, si upande wa Buganda alikozaliwa.

Kukabidhi

Tangu mwaka wa kwanza mchague mwenyeji atakayeongoza, umwachie mambo madogo yakiharibika kidogo ukiwa bado upo. Mwaka wako wa mwisho asihubiri mgeni isipokuwa ameombwa. Hati za kiwanja ziwe kwa jina la kanisa la hapo, si lako wala la waliokutuma. Daftari la hesabu lifungwe mbele ya watu, laini ya simu ibadilishwe jina, funguo zikabidhiwe kwa mkono.

Nyumbani omba mapumziko kabla ya kazi mpya, mwezi mmoja angalau. Utashangaa unavyokasirika kuona mfereji ukivuja.

Wiki ya mwisho pita kila boma ulilowahi kula, ukaage. Lipa deni la dukani hadi shilingi ya mwisho. Kisha nenda kwa mzee mmoja, keti chini, umwombe akubariki yeye. Wangu alinitemea mate kidogo kwenye paji la uso, kama wanavyowabariki watoto wao, akaniuliza kama huko Kenya kumenyesha.